Mayfield, Kentucky: onyo lilifika mapema, pa kujificha ndo hapakuwepo

Ijumaa ya tarehe 10 Desemba 2021, saa 3:27 usiku, tornado iliingia katikati ya Mayfield, makao makuu ya kaunti ya Graves, Kentucky magharibi. Mji wenyewe ni wa watu kama elfu kumi hivi, kaunti nzima haifiki watu 37,000, ni mashamba ya mahindi, soya na tumbaku, mabanda ya kuku, makanisa, na barabara ndefu zenye nyumba moja huku na nyingine kule mbali. Nimeamua kukiandika kisa hiki chote kwa Kiswahili kwa sababu sisi tunaoongea Kiswahili tumeshakuwa wengi sana Kentucky, Louisville, Lexington, Bowling Green, na wengi wetu ni watu wa shifti za usiku kwenye viwanda na maghala, na kila nikiongea na watu naona wanaamini kitu kimoja ambacho Mayfield inakikataa kabisa. Wanaamini kwamba simu ikilia mapema watapona.

Mayfield simu zililia. Ving'ora vililia. Televisheni zilikuwa zinaonyesha rada. Na bado watu wamekufa, wengi.

Kwanza tumalize suala la jina maana lenyewe linaweza kumuua mtu. Kiswahili chetu kina neno kimbunga, na ukimwambia mtu wa Mafia au Kilwa kimbunga anajua unaongelea nini, ni kitu kinatoka baharini, TMA, watu wa hali ya hewa wa Tanzania, wanakifuatilia siku kadhaa, kina jina, kama Hidaya ile ya Mei 2024, unaambiwa wavuvi wasitoke, unakaza bati, unasubiri mvua na upepo wa siku nzima. Tornado siyo hiyo. Tornado inashuka kutoka kwenye wingu la radi kama mkonga wa tembo, upana wake unaweza kuwa mita mia tu au zaidi ya kilomita, inapita juu ya nyumba yako kwa dakika moja au chini ya hapo, ikishapita nyumba haipo. Ukitaka neno letu lililo karibu zaidi basi ni chamchela, au kisulisuli wengine mnaita, ile inayozungusha vumbi na majani makavu uwanjani wakati wa kiangazi, tulipokuwa wadogo tunaambiwa tusisimame katikati yake. Chukua hiyo halafu ipe nguvu ya kung'oa nyumba na kubeba lori. Sasa simu ikikutafsiria "onyo la kimbunga" mtu wa pwani anaanza kujiandaa kwa ajili ya kesho, na yeye ana dakika kumi. Ndo maana mimi humu nitasema tornado tu, tusichanganyane.

Turudi kwenye usiku ule. Desemba siyo msimu wa tornado, msimu wenyewe hasa ni masika yao ya Machi mpaka Mei, lakini siku ile joto lilikuwa la ajabu kwa Desemba, hewa yenye unyevu imepanda kutoka Ghuba ya Mexico, juu kuna upepo mkali unaobadilika mwelekeo kadiri unavyopanda, na wingu moja kubwa la radi lililozaliwa Arkansas likaanza kusafiri kuelekea kaskazini mashariki, Arkansas, Missouri, Tennessee, Kentucky, likidondosha tornado njiani. Ile ya Mayfield ilitua kaunti ya Obion huko Tennessee saa 2:54 usiku na haikunyanyuka mpaka saa 5:48. Karibu masaa matatu ardhini. Njia yake ilikuwa na urefu wa maili 165, yaani kama kilomita 266, na wapimaji wa hali ya hewa walipokuja kuangalia uharibifu waliipa daraja la EF4, la pili kutoka juu kwenye kipimo chao cha EF0 mpaka EF5, upepo wa maili 190 kwa saa, kilomita 300 na kitu. Tornado hii peke yake iliua watu 57. Picha ya familia moja ya Dawson Springs, mji mwingine uliokuwa kwenye njia yake, iliokotwa New Albany, Indiana, kama maili 130 kutoka pale.

Sasa angalia hizo saa vizuri. Ilitua saa 2:54, ikafika Mayfield saa 3:27. Ni nusu saa na ushee, tornado iko ardhini, inaonekana kwenye rada, na si hivyo tu, kuanzia mchana watu wa hali ya hewa walishasema eneo lile liko kwenye hatari, na kabla haijaingia mjini ofisi ya hali ya hewa ya Paducah ikatoa tangazo la juu kuliko yote waliyonayo, lile wanaloita "tornado emergency", linatolewa mara chache sana, maana yake ni kwamba tornado kubwa imethibitishwa na inaelekea kwenye watu. Kwa kawaida muda wa onyo ni kama dakika kumi hivi na mara nyingine pungufu, wenzetu hawa walikuwa na zaidi. Kwa hiyo ukisema tatizo la Mayfield lilikuwa onyo, hapana, siyo kweli, na mimi nadhani tukiendelea kusema "serikali iwaonye watu mapema" tunakwepa swali gumu ambalo ni: ukishaonywa unaenda wapi?

Kiwanda cha mishumaa ndo kinaonyesha hili kuliko kitu kingine chochote. Kilikuwa pembeni ya mji, Desemba ni msimu wa mishumaa ya Krismasi, oda zimejaa, shifti ya usiku ipo kazini. Watu 110 walikuwa ndani. Kuna wenyeji wa pale, kuna wahamiaji wanaoongea Kispanish, kuna wafungwa 7 wa jela ya kaunti ambao walikuwa wanaletwa kufanya kazi wakiwa na askari jela wao. Kwa maelezo ya wafanyakazi wenyewe kwa waandishi wa habari, king'ora cha kwanza kililia jioni mapema, wakapelekwa kwenye korido na vyoo vya katikati ya jengo, hatari ikaonekana imepita, wakarudishwa kazini. Halafu yakapita kama masaa matatu. Katika hayo masaa matatu, baadhi yao wanasema waliomba waruhusiwe kwenda nyumbani wakaambiwa ukiondoka unaweza kupoteza kazi. Kampuni ilikanusha hilo. Mimi sikuwepo na siwezi kuamua nani kasema kweli, lakini hata tukiliweka hilo pembeni kuna jambo halina ubishi: king'ora cha pili kilipolia walikwenda palepale, kwenye korido na vyoo, kwa sababu hapakuwa na sehemu nyingine ya kwenda. Jengo lote likawalalia. Watu 9 walikufa, pamoja na yule askari jela, wafungwa wake wote walipona. Kuna dada alijirekodi laivu Facebook akiwa amebanwa chini ya kifusi anaomba waje wawaokoe, na kwa muda wa siku nzima gavana Andy Beshear alikuwa anahofia waliokufa pale ni wengi zaidi ya hapo sana, maana juu ya watu kulikuwa na rundo la chuma lenye urefu wa ghorofa na magari juu yake.

Nataka tukae kidogo hapo kwenye jengo maana wengi wetu tunafanya kazi kwenye majengo ya aina hiyohiyo. Kiwanda au ghala la kisasa ni nguzo za chuma, kuta za bati au zege jembamba lililosimamishwa, na paa kubwa refu lisilo na nguzo nyingi katikati ili forklifti zipite. Paa na kuta zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Upepo ukiingia upande mmoja, kwenye yale mageti makubwa ya malori, unasukuma paa kutoka ndani na mwingine unalivuta kutoka juu, paa likishaondoka kuta hazina cha kuzishika, zinaanguka. Ndani yake, choo kilichojengwa kwa jipsamu na vyuma vyepesi siyo makazi ya dharura, ni chumba kidogo ndani ya jengo litakaloanguka. Ni bora kuliko kusimama katikati ya sakafu kubwa, ndiyo, lakini si salama. Usiku uleule, ghala la Amazon huko Edwardsville, Illinois, tornado nyingine ikaangusha kuta, watu 6 wakafa, na wengi waliopona ni wale waliokuwa wamekimbilia upande mwingine wa jengo. Upande wa kaskazini umepona, upande wa kusini umekufa.

Kuna kitu kinajengwa kwa ajili ya hili, wanaita safe room, sisi tuseme chumba cha zege cha usalama, kina viwango vyake vya FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia majanga, kinapimwa kwa upepo wa mpaka maili 250 kwa saa, kuta na mlango vinarushiwa mbao kwa kasi kuona kama vitapasuka. Kinawezekana. Kinajengwa mashuleni, kinajengwa hata gereji ya mtu binafsi, kisanduku cha chuma kilichofungwa kwenye sakafu ya zege. Ila Kentucky haijawahi kulazimisha kila kiwanda kiwe nacho, na mwenye kiwanda asipolazimishwa anapiga hesabu, tornado ngapi zimepita hapa miaka hamsini, anaona bora anunue mashine. Na ukiongea ukweli hata kuwaruhusu watu waondoke siyo jibu la moja kwa moja. Ungewaruhusu saa 3:10 usiku, watu mia wanawasha magari gizani, mvua, hawaoni mbele, ungewapeleka barabarani kukutana nayo, na gari ni sehemu mbaya kuliko hata ile korido. Nafasi ya kuondoka ilikuwa kwenye yale masaa matatu ya katikati, kati ya king'ora cha kwanza na cha pili, mtu angefika nyumbani kwenye besmenti yake, yaani chumba cha chini ya ardhi, au kwa jirani mwenye besmenti. Uamuzi wa kuokoa watu 110 ulikuwa ni uamuzi wa saa moja jioni, siyo wa saa tatu usiku, na ni uamuzi wa supavaiza na meneja, siyo wa mtu anayefunga mishumaa kwenye boksi. Hilo linaniuma sana kwa sababu najua wenzetu wangapi wanaogopa kupata pointi za utoro, pointi tatu nne kazi imekwenda, na ukipoteza kazi siyo wewe tu, kuna watu Kigoma na Uvira wanasubiri utume hela.

Na wanaoishi kwenye trela, zile nyumba nyepesi zinazotengenezwa kiwandani zikaletwa kwa lori? Hapa sitazunguka. Trela ikikutwa na tornado haikusaidii, hata kama imefungwa kwa mikanda ya chuma ardhini, hata kama ni mpya. Zaidi ya nusu ya watu wanaouawa na tornado wakiwa majumbani Marekani wanauawa kwenye trela, wakati wanaoishi kwenye trela ni wachache tu wa wananchi wote. Machi 3, 2019, kaunti ya Lee, Alabama, tornado ya EF4 iliua watu 23 mchana kweupe wa Jumapili na wengi wao walikuwa kwenye trela. Trela ndo nyumba ya mtu wa kipato kidogo vijijini huku, kodi nafuu, kiwanja kikubwa, watoto wanacheza, naelewa kabisa kwa nini mtu anahamia kule akitoka kwenye apatimenti yenye kelele. Lakini mwenye trela hana chumba cha ndani cha kukimbilia, hana korido ya maana, kwa hiyo yeye akisubiri mpaka onyo la mwisho amechelewa, lazima aondoke mapema, wakati ni "watch" bado.

Ambapo nalazimika kurudi kwenye lugha tena. "Watch" na "warning" zote mbili ukizitafsiri kwa simu unapata tahadhari, tahadhari, onyo, onyo, huoni tofauti. Waliozoea matangazo ya TMA wanajua ngazi zake, angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Basi chukua hivyohivyo, "watch" ni angalizo, maana yake hali ya hewa ya leo inaweza kuzaa tornado, inaweza kukaa masaa sita, eneo kubwa la kaunti nyingi, unaendelea na shughuli zako ila viatu viko mlangoni na mwenye trela anaanza kusogea kwa watu. "Warning" ni tahadhari kubwa, ipo, imeonwa na mtu au na rada, eneo dogo, dakika chache, unaingia mahali pako sasa hivi. Na meseji ya dharura inayolia kwenye simu kwa kelele ile ya kutisha inakuja kwa "warning" tu, ya "watch" haiji yenyewe, lazima uifuatilie. Anayetegemea simu peke yake anaingia kwenye mchezo dakika za mwisho.

Hizo meseji mwaka ule zilikuwa kwa Kiingereza na Kispanish basi. Januari 2025 shirika la mawasiliano la Marekani, FCC, lilipitisha maneno yaliyoandaliwa tayari kwa ajili ya meseji hizo kwa lugha 13 mbali na Kiingereza, na lugha ya alama ya kule, kuna Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihindi, Kivietinamu na nyinginezo, Kiswahili hakimo. Wanahesabu lugha zenye watu wengi nchi nzima, sawa, ila ukienda kaunti kwa kaunti hesabu inabadilika. Bowling Green, kaunti ya Warren, ni mfano mzuri sana, mji wa wakimbizi kwa miaka mingi, walianza Wabosnia miaka ya 90, wakaja Waburma, wakaja Wakongo na Warundi, na Kiswahili unakisikia dukani pale bila kutafuta. Na usiku uleule wa Mayfield, masaa manne baadaye, kama saa saba na robo usiku, tornado nyingine ya EF3 iliingia Bowling Green wakati watu wamelala. Watu 16 walikufa kwa tornado yenyewe, wengi wao mtaa mmoja, Moss Creek, na humo kulikuwa na familia za Kibosnia zilizokimbia vita miaka hiyo ya 90 zikaja kujenga maisha hapo. Watoto wengi walikufa. Nimepita mtaa ule mara nyingi na sina maneno mazuri ya kuandika.

Mama mmoja wa Kikongo, mtu wa Uvira, jirani yangu, alinisimulia usiku wake. King'ora kilipolia aliamka akawaamsha watoto, akafungua mlango ili watoke. Kule alikotoka, kelele ya hatari ukiisikia usiku ni mguu niponye, nyumba ndo mtego, wanaokuua wanakukuta ndani, kwa hiyo unabeba mdogo mgongoni unakimbilia porini. Hata Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 watu wa Goma walifanya hivyo na walikuwa sahihi, lava unaikimbia, wengine walifika mpaka Rwanda kwa miguu. Mwili wake ulikuwa umefundishwa na maisha yake yote kwamba hatari ikija unatoka. Mtoto wake wa darasa la nne ndiye aliyemvuta kanga, shuleni huwa wanafanyishwa mazoezi ya tornado, wanakaa korido, magoti chini, mikono juu ya shingo, akamwambia mama hapana, tunakaa ndani, chooni. Wakakaa kwenye bafu, watoto ndani ya sinki la kuogea, godoro juu. Tornado haikupita kwao, ilipita maili chache. Lakini mimi kila nikikumbuka ule mlango uliofunguliwa nashtuka. Hakuna karatasi yoyote ya mafunzo niliyoiona inayomwambia mtu aliyetoka vitani kwamba huku sheria ni kinyume, kwamba hii hatari huikimbii, unaingia ndani zaidi, chini zaidi, kati zaidi.

Ndani zaidi, chini zaidi, kati zaidi, maana yake ni hivi: besmenti kama ipo. Kama haipo, ghorofa ya chini kabisa, chumba kidogo cha katikati kisicho na dirisha wala ukuta wa nje, bafu, kabati kubwa la nguo, chini ya ngazi. Unaweka kuta nyingi iwezekanavyo kati yako na nje maana kinachoua mara nyingi siyo upepo wenyewe, ni mbao, matofali na vioo vilivyobebwa na upepo. Ndo maana helmeti ya baiskeli ya mtoto ina maana kuliko vitu vingi mnavyonunua, na godoro, na viatu, jamani viatu, watu wanatoka kwenye kifusi peku wanakanyaga misumari na vioo, nusu ya usumbufu wa siku inayofuata ni miguu iliyochanika. Mnaokaa apatimenti ghorofa ya tatu, ongea na wa ghorofa ya kwanza leo hii, mpelekee hata sambusa, mwambie siku king'ora kikilia nitakugongea. Madirisha msiyafungue, ile habari ya kufungua madirisha ili nyumba isipasuke ni uongo wa zamani. Chini ya daraja la barabara kuu msijifiche, upepo unabanwa pale unazidi nguvu.

Na usiku. Tornado za usiku zinaua zaidi ya mara mbili ukilinganisha na za mchana, kwa sababu huioni na umelala. King'ora cha mtaani kimetengenezwa kwa ajili ya watu walio nje, ukiwa ndani feni inazunguka hukisikii na siyo kosa lako. Redio ndogo ya hali ya hewa, zile za NOAA, shirika la serikali ya Marekani lenye ofisi za hali ya hewa, zinauzwa dola thelathini arobaini hivi, unaiweka kaunti yako, inakaa kimya mwaka mzima na usiku ule inakuamsha, ina betri hivyo umeme ukikatika inaendelea. Kwenye simu kaangalie kama meseji za dharura hukuzizima, wengi mlizizima siku ile zilipowashtua kanisani. Mei 16 mwaka 2025 tornado nyingine ya EF4 ilipita Somerset na London, Kentucky mashariki kidogo, usiku tena, ikaua watu wengi tena.

Jambo ambalo watu hawalizungumzii sana kuhusu Mayfield ni kilichotokea baada ya dakika ile moja. Kituo kikuu cha zimamoto kiliharibiwa. Polisi pia. Mnara wa maji ulianguka, umeme hakuna, simu shida, mahakama ya kaunti yenye ule mnara wa saa imebomoka, barabara zimejaa miti. Yaani wale unaowapigia 911 wenyewe ni wahanga. Katika kaunti ya vijijini hili ni baya maradufu kwa sababu hata siku ya kawaida ambulansi ni mbili tatu na hospitali iko mbali. Waliochomolewa saa ya kwanza walichomolewa na majirani, na wafanyakazi wenzao, kwa mikono na majeki ya magari. Kwa hiyo mtu mmoja nje ya kaunti yako, shemeji yako wa Nashville au ndugu yako wa Lexington, awe na orodha ya nani analala wapi, ili kama mtandao umekufa kwako yeye aweze kuwaambia watu tafuteni pale, watoto wanne wanalala chumba cha nyuma.

Kuhusu misaada ya baadaye nitapita haraka. Rais Biden alitangaza janga siku mbili baadaye, FEMA wakaja, mfuko wa gavana ukakusanya zaidi ya dola milioni 50. Mkimbizi na aliyepewa asylum, yaani hifadhi, walikuwa na haki ya kuomba msaada wa FEMA kama raia, na hata asiye na karatasi kama ana mtoto raia familia iliweza kuomba kwa jina la mtoto, watu wengi hawakujua wakaogopa. Sheria hizi hubadilika, kabla hujaomba uliza ofisi ya wakimbizi ya kwenu. Barua ya kwanza ikisema hapana siyo mwisho, unakata rufaa, mara nyingi ni karatasi moja imekosekana. Piga picha leo I-94 (ile karatasi ya kuingia nchini), green card, mkataba wa nyumba, kadi ya bima, mtumie na yule shemeji wa Nashville. Jenereta usiweke ndani wala gereji, moshi wake hauonekani na unaua familia nzima usingizini.

Mwaka jana tulikaa watu kama ishirini wa jumuiya yetu baada ya ibada, Wakongo, Warundi, mimi na Watanzania wenzangu wawili, tukachora kwenye karatasi ya maboksi nani anakaa wapi na anaenda wapi king'ora kikilia. Tulidhani itachukua nusu saa, ilichukua mpaka jioni, kwa sababu kila mtu alikuwa na jibu mpaka aulizwe "na ukiwa kazini?" Dada mmoja alikwenda kesho yake kumuuliza supavaiza wake mahali pa kujificha ni wapi, supavaiza akamwonyesha choo chenye ukuta wa nje na dirisha. Alirudi akauliza tena, kwa maandishi, na wenzake sita wakasaini, sasa wamehamishiwa ofisi za chini za katikati, siyo chumba cha zege lakini ni kuta nne zaidi.

Familia tano zilikuwa kwenye trela. Kwa hao hatukuwa na jibu siku ile. Ilituchukua wiki tatu kutafuta jengo lenye besmenti umbali wa dakika saba kwa gari, tukalipata kanisa dogo la wazungu wazee, tukaenda kuongea nao, mchungaji wao akatutembeza mwenyewe, chini kuna meza za kukunja, choo kimoja, maji. Wakakubali kwamba ikitolewa "watch" ya usiku mlango utafunguliwa hata kama hakuna mtu wa kwao. Funguo ziko mbili. Moja anayo mzee wa kanisa na nyingine anayo yule mama wa Uvira, maana naye alishahamia trela na ya kwake ndo iko karibu zaidi.